Hanuka ni nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la sikukuu hii na maana yake

Kila ikifika Desemba maswali kuhusu Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane, ni yale yale. Je, hii ni Krismasi ya Wayahudi? Imo kwenye Biblia? Mbona kila mtu anaiandika kivyake? Tumeyakusanya hapa. Tunaanza na jina, kwa sababu jina la sikukuu hii linatunza habari ambayo hadithi maarufu ya mafuta imeisukuma pembeni.

Neno "Hanuka" lina maana gani?

Ni neno la Kiebrania, na maana yake ni kukizindua kitu kwa kazi takatifu, kukiweka wakfu. Biblia ya Kiswahili ina neno linalotosha zaidi ya hayo mawili. Fungua Yohana 10:22. Yesu yuko Yerusalemu, ni wakati wa baridi, na sikukuu inayoendelea mjini inaitwa Sikukuu ya Kutabaruku. Hiyo ndiyo Hanuka.

Kutabaruku si neno la sokoni. Wakatoliki hulisikia siku askofu anapokuja kutabaruku kanisa jipya: altare inapakwa mafuta, kuta zinapakwa mafuta, mishumaa inawashwa, na jengo ambalo juzi lilikuwa na mafundi na mifuko ya saruji linakuwa nyumba ya sala. Watu wa pwani wanalijua kwa upande wa kutafuta baraka, maana shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa baraka, mubaraka na jina la Mbaraka. Mtafsiri aliyeliweka neno hili pale kwenye Yohana alifanya kazi nzuri, ingawa wasomaji wengi hupita juu yake bila kusimama.

Kilichotabarukiwa ni madhabahu ya Hekalu la Yerusalemu, mwezi wa Desemba mwaka 164 KK, baada ya kunajisiwa kwa miaka mitatu. Angalia basi jina halisemi nini. Halisemi vita, halisemi ushindi, halisemi mafuta. Linasema nyumba imefunguliwa tena.

Shina la neno hili linapatikana wapi kwingine?

Mahali pengi, na hapa ndipo utamu ulipo.

Leo mtu wa Tel Aviv akihamia nyumba mpya na kuwaita jamaa waje kula, karamu ile inaitwa hanukat bayit, hanuka ya nyumba. Jambo hili ni la zamani. Katika Kumbukumbu la Torati 20:5, kabla jeshi halijaenda vitani, maofisa wanauliza: ni nani aliyejenga nyumba mpya na bado hajaizindua? Arudi kwake, asije akafa vitani akaizindua mtu mwingine. Kitenzi kilichotumika pale ni cha shina hili hili.

Kisha kuna Mithali 22:6, aya ambayo haikosekani kwenye mahafali za shule: "Mlee mtoto katika njia impasayo." Hilo "mlee" kwa Kiebrania ni hanokh. Kutokana nalo Kiebrania cha leo kina hinukh, yaani elimu. Kumlea mtoto na kuizindua nyumba vimewekwa katika neno moja, kwa kuwa vyote viwili ni kukianzisha kitu katika njia ambayo kitaishi nayo.

Wapo wataalamu wa lugha wanaokwenda mbali zaidi na kulihusisha shina hili na kaakaa la mdomo. Msomaji Mwislamu huenda ameshatabasamu hapa, kwa kuwa anaijua tahniki: mtoto mchanga anapakwa tende iliyolainishwa kwenye kaakaa, iwe ndiyo ladha yake ya kwanza duniani. Tahniki inatokana na hanak, kaakaa au taya kwa Kiarabu, na herufi zake tatu ni zile zile za Hanuka. Si wataalamu wote wanaoukubali uhusiano huo, lakini picha yenyewe ni nzuri: mwanzo wa kitu, unaoonjwa.

Mbona inaandikwa Hanukkah, Chanukah, Hanuka?

Kosa ni la alfabeti ya Kilatini. Herufi ya kwanza ya neno hili kwa Kiebrania ni het, ambayo zamani ilitamkwa kama ile ح ya Kiarabu iliyo katika jina Muhammad. Wayahudi wenye asili ya Yemen wanaitamka hivyo mpaka leo. Wayahudi wa Ulaya waliikwaruza kooni ikawa kama kh. Waliotaka kuonyesha mkwaruzo huo wakaandika Ch, wengine wakaridhika na H, na k ikaandikwa mara mbili kwa sababu Kiebrania huikaza. Sisi tunaandika Hanuka, kama tunavyoandika Pasaka. Aliyesoma madrasa ataitamka vizuri kuliko Mzungu yeyote.

Nini hasa kilitokea?

Yudea wakati huo ilikuwa chini ya wafalme wa Kiseleuko waliotawala kutoka Siria, warithi wa dola ya Aleksanda Mkuu. Mwaka 175 KK akatawala Antioko wa Nne, aliyejiita Epifane, yaani "mungu aliyedhihirika". Yerusalemu nayo ilikuwa imegawanyika. Baadhi ya wakubwa walipenda mambo ya Kiyunani, wakajenga uwanja wa mazoezi karibu na Hekalu. Ukuhani mkuu ukawa kitu cha kununuliwa: Yasoni aliulipia, kisha Menelao akaja na dau kubwa zaidi akamng'oa. Wanaosimulia Hanuka kama vita vya Wayahudi na Wayunani tu huficha jambo hili. Ilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu.

Mwaka 167 KK Antioko alipiga marufuku Sabato, tohara na kusoma Torati. Kwenye madhabahu ya Hekalu ikapandikizwa madhabahu ya kigeni, na tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu wakatoa juu yake dhabihu ya kipagani.

Uasi ulianzia kijijini, Modiini, kaskazini-magharibi mwa Yerusalemu. Afisa wa mfalme alikuja kuwataka watu watoe sadaka ya kipagani, akamwambia kuhani mzee Matathia awe wa kwanza. Mzee akakataa. Myahudi mwingine akajitokeza kutoa badala yake. Matathia akamuua pale pale madhabahuni, akamuua na yule afisa, kisha akakimbilia milimani na wanawe watano: Yohane, Simoni, Yuda, Eleazari na Yonathani. Mzee hakuishi sana baada ya hapo, na uongozi ukashikwa na Yuda, aliyeitwa Makabayo. Vita vyake vilikuwa vya msituni: kuvizia kwenye makorongo, kushambulia usiku, kutoweka.

Baada ya kama miaka mitatu waliingia Yerusalemu. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinaeleza walichokikuta: mahali patakatifu ukiwa, milango imeungua, na vichaka vimeota uani kama porini. Watu wenye silaha mikononi wakararua nguo zao wakalia. Halafu kazi ikaanza, na kitabu kinaisimulia kama ripoti ya fundi mkuu. Makuhani wasio na doa wakachaguliwa. Mawe machafu yakatolewa nje. Ikawa swali: ile madhabahu ya zamani iliyonajisiwa tuifanyeje? Ni takatifu, na ni najisi. Wakaibomoa, wakayaweka mawe yake mahali pa kufaa kwenye mlima wa Hekalu mpaka atokee nabii wa kuwaambia la kufanya. Kisha wakajenga mpya kwa mawe ambayo hayajachongwa, wakatengeneza vyombo vipya, kinara na mapazia.

Tarehe 25 Kislevu, siku ile ile iliyonajisiwa, wakaamka alfajiri wakatoa dhabihu, wakasherehekea siku nane. Na vita vilikuwa havijaisha! Askari wa mfalme walikuwa bado wameshika ngome ya Akra pale pale mjini, na Yuda alilazimika kuweka kikosi cha kuwazuia wakati wengine wanasafisha. Ngome hiyo ilikuja kutekwa mwaka 141 KK.

"Makabayo" ni jina la ukoo?

Hapana. Ukoo wao ni Hasmoni. Makabayo lilikuwa jina la utani la Yuda, na wengi hulieleza kwa neno la Kiaramu lenye maana ya nyundo. Maelezo mengine, ya baadaye, yanasema ni herufi za kwanza za maneno ya Kutoka 15:11, "Ee Bwana, katika miungu ni nani aliye kama wewe?" La nyundo lina sura ya kweli zaidi. Majina ya utani ya wapiganaji mara chache hutoka kwenye zaburi.

Ndugu yake Eleazari anastahili kukumbukwa na sisi wa nchi za tembo. Mwaka 162 KK, katika vita vya Beth-Zekaria, Waseleuko walileta tembo wa vita. Eleazari akamwona mmoja mrefu kuliko wengine, amevikwa deraya ya kifalme, akadhani mfalme yuko juu yake. Akajipenyeza katikati ya jeshi, akaingia chini ya tumbo la tembo, akamchoma kutoka chini. Tembo akamwangukia, wakafa wote wawili.

Na ile hadithi ya mafuta?

Yote uliyosoma hapo juu hayana mafuta. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo hakiyataji, wala cha pili. Yanatokea kwenye Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), uliokusanywa zaidi ya miaka 600 baada ya tukio, na yanatokea kama jibu la swali. Marabi wanauliza: "Mai Hanuka?" Hanuka ni nini? Kwa hiyo ukiuliza swali hili usione haya, limeulizwa kitambo.

Jibu lao ni fupi. Wayunani walipoingia Hekaluni waliyanajisi mafuta yote. Wahasmoni waliposhinda walitafuta, wakapata kichupa kimoja tu kilichobaki na muhuri wa Kuhani Mkuu. Mafuta yake yalitosha siku moja. Ukatendeka muujiza, yakawaka siku nane. Mwaka uliofuata siku hizo zikawekwa kuwa za kusifu na kushukuru.

Vita vimekwenda wapi? Vimepewa nusu sentensi. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba Wahasmoni, ndugu na wazao wa ndugu wa Yuda, hawakuacha sifa nzuri. Walitwaa ukuhani mkuu, wakajitawaza wafalme, wakapigana wao kwa wao, na mwaka 63 KK Pompeo wa Roma akaingia Yerusalemu katikati ya ugomvi wa ndugu wawili wa ukoo huo. Baadaye uasi dhidi ya Roma ukaleta maangamizi makubwa, na Hekalu lenyewe likachomwa mwaka 70 BK. Marabi waliokusanya Talmudi walikuwa watu wasio na jeshi wala Hekalu. Kichupa cha mafuta waliweza kukibeba. Ingawa hadithi yao ni nzuri, mimi bado nalipendelea jina, ambalo halikuchukua upande wa nyundo wala wa kichupa.

Kwa nini siku nane?

Kwa mujibu wa Talmudi, kwa sababu mafuta yaliwaka siku nane. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kina sababu nyingine, na pengine ndiyo ya zamani zaidi. Miezi miwili kabla, watu walikuwa wamejificha milimani na mapangoni, wakashindwa kuadhimisha Sikukuu ya Vibanda, ambayo pamoja na siku yake ya kufungia ni siku nane. Hekalu lilipopatikana wakailipa. Barua iliyo mwanzoni mwa kitabu hicho inaiita kabisa "Sikukuu ya Vibanda ya mwezi wa Kislevu".

Kuna na fumbo ambalo wanafunzi wa Talmudi wamelitafuna kwa karne nyingi, tangu rabi Yosefu Karo alipoliandika katika karne ya 16. Kama mafuta yalitosha siku moja, siku ya kwanza yaliwaka kawaida. Muujiza basi ni wa siku saba. Hiyo ya nane ni ya nini? Karo mwenyewe alitoa majibu, mojawapo kwamba waliyagawa mafuta mafungu manane na kila fungu likawaka usiku kucha. Wengine wakasema kukiona tu kichupa kilichosalimika kilikuwa muujiza. Majibu ni mengi kupindukia, na hakuna anayetaka lifungwe.

Sikukuu hii ina majina mengine?

Ndiyo. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema watu waliiita "Taa", naye anakisia kwamba ni kwa sababu uhuru wa kuabudu uliwaangazia wakati hawakuutarajia. Ajabu ni kwamba hata yeye hataji kichupa. Jina hilo liko hai: Waisraeli hutakiana "hag urim sameah", sikukuu njema ya taa.

Wapenda mafumbo nao huligawa neno: hanu, "walipumzika", na herufi kaf na he, ambazo kwa hesabu ya Kiebrania ni 25. Walipumzika tarehe 25. Hiyo ni michezo ya wasomi, siyo asili ya neno.

Hanuka imo katika Biblia?

Inategemea Biblia iliyo mkononi mwako. Vitabu vya Wamakabayo vimo katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi, havimo katika ile ya Waprotestanti wengi. Cha kushangaza, havimo hata katika Biblia ya Kiebrania ya Wayahudi wenyewe. Mkristo wa Kiprotestanti anakutana na sikukuu hii mahali pamoja tu, Yohana 10.

Ni Krismasi ya Wayahudi?

Hapana. Zimekaribiana kwenye kalenda, basi. Hanuka ilikuwapo zaidi ya miaka 150 kabla Yesu hajazaliwa. Zawadi nyingi zilizofungwa kwa karatasi za rangi ni mambo ya Marekani, ambako watoto wa Kiyahudi waliwatazama majirani zao wakifungua zao. Desturi ya zamani zaidi ilikuwa kuwapa watoto sarafu.

Tena si sikukuu kubwa. Pasaka na Siku ya Upatanisho ziko juu yake kwa mbali. Kwenye Hanuka watu wanakwenda kazini, maduka yanafunguliwa, na isipokuwa siku ya Sabato hakuna kazi iliyokatazwa.

Mbona tarehe inabadilika kila mwaka?

Kwa Wayahudi haibadiliki: ni 25 Kislevu, kuanzia jua linapozama jioni ya kuamkia siku hiyo. Inayohama ni kalenda yetu ya ukutani. Miezi ya Kiyahudi hufuata mwezi mwandamo kama ya Kiislamu. Tofauti ni kwamba Idi huzunguka mwaka mzima, leo kiangazi kesho masika, ilhali Wayahudi huongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19 ili sikukuu zisitoke kwenye majira yake. Hanuka basi huchezea kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Januari. Mwaka 2025 ilianza jioni ya 14 Desemba, 2026 inaanza jioni ya 4 Desemba, na 2027 inaangukia jioni ya 24 Desemba.

Wavuvi watakuwa wameshang'amua jambo hapa. Tarehe 25 ya mwezi mwandamo ni wakati wa kiza. Mwezi umebaki ukucha tu, unachomoza karibu na alfajiri, kisha unapotea kabisa kabla mpya haujaandama. Siku nane za Hanuka zinapita katikati ya kiza hicho, tena katika majira ambayo kule Yerusalemu na Ulaya usiku ni mrefu kuliko wakati wowote wa mwaka. Sisi wa karibu na ikweta, ambao jua letu huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, tunalikosa jambo hili kama hatujaambiwa.

Kinara chake kina matawi saba au tisa?

Tisa. Cha matawi saba ni kile cha Hekaluni, ndicho kilicho kwenye nembo ya taifa la Israeli. Cha Hanuka, kinachoitwa hanukia, kina nafasi nane, pamoja na ya tisa iliyoinuliwa au kuwekwa kando kwa ajili ya shamashi, yaani mtumishi. Huyo ndiye anayewasha wengine.

Usiku wa kwanza inawashwa taa moja, wa pili mbili, mpaka nane. Kulikuwa na mjadala kati ya shule mbili za marabi wa kale. Shule ya Shamai ilisema tuanze na nane tukipunguza, kama siku zilizobaki. Shule ya Hileli ikasema tuanze na moja tukiongeza, kwa kuwa katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki. Hileli akashinda. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, lakini kuwasha huanzia kushoto, ule wa leo ukitangulia. Ukijumlisha ya siku zote na shamashi zake unapata 44, ndiyo maana pakiti ya dukani huwa na idadi hiyo.

Taa hizi ni za kuonwa. Mahali pake pa asili ni mlangoni kwa nje, au dirishani linalotazama barabara, kusudi wapita njia waukumbuke muujiza. Talmudi inaongeza kwamba wakati wa hatari inatosha kuiweka mezani. Ipo picha iliyopigwa mjini Kiel, Ujerumani, katika Hanuka ya mwaka wa Kiyahudi 5692, Hitler akiwa bado hajashika madaraka. Rachel Posner, mke wa rabi wa mji huo, alipiga picha hanukia yao ikiwa dirishani. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, inaning'inia bendera ya Wanazi. Nyuma ya picha aliandika beti fupi: bendera inasema Yuda (yaani Wayahudi) afe, mwanga unajibu kwamba Yuda ataishi milele. Familia iliondoka Ujerumani, na hanukia hiyo ipo hadi leo.

Wanakula nini, na hiyo pia ya kuzungusha yenye pembe nne ni ya nini?

Vya kukaanga, kwa heshima ya mafuta. Wenye asili ya Ulaya Mashariki hula latke: viazi vilivyokunwa, vikakamuliwa maji, vikachanganywa na yai na kitunguu, vikakaangwa vikawa bapa na kingo za kukwaruza. Usidhani Yuda Makabayo alizila; viazi vilitoka Amerika karne nyingi baadaye. Israeli wanapenda sufganiya, andazi la mviringo lenye jemu ndani. Wenye asili ya Moroko wana sfenji, unga laini wa hamira unaotobolewa katikati kwa vidole vilivyolowa maji na kutupwa kwenye mafuta. Mpika maandazi yeyote wa kwetu angeziweza zote bila mafunzo.

Ile pia ya kuzungusha ni mchezo wa watoto. Ina nyuso nne na herufi nne: nun, gimeli, he, shin. Zinasomwa "nes gadol haya sham", muujiza mkubwa ulitokea kule. Kwa Israeli shin hubadilishwa kuwa pe, ili isomeke "ulitokea hapa". Kwa kweli mchezo wenyewe ulikuwa kamari ya Wajerumani, na herufi zilikuwa kanuni zake: hupati kitu, chukua zote, chukua nusu, weka. Maana ya muujiza ilikuja kuvikwa baadaye.

Kuna wanaoiadhimisha Afrika Mashariki?

Wapo. Nairobi ina sinagogi katikati ya jiji, na jumuiya yake imekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, alipoisoma Biblia na kuamua kuzifuata amri za Musa, tohara ikiwemo. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wengi waliiacha, na wachache waliendelea kusali kwa siri mpaka alipoangushwa mwaka 1979. Mtu aliyepitia hayo hahitaji kuelezwa sana Antioko ni nani.

Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israeli, kwa jadi yao hawakuwa na Hanuka. Walikuwa mbali na Yerusalemu, sikukuu hii haikuwafikia. Wengi wameianza baada ya kuhamia Israeli.

Nimealikwa nyumbani kwa Myahudi jioni ya Hanuka. Nifanyeje?

Fika kabla giza halijaingia, kwa sababu kuwasha taa hakusubiri mgeni. Ikiwa ni Ijumaa wahi zaidi, maana zitawashwa kabla ya mishumaa ya Sabato. Salamu ni "Hag sameah", au sema tu "Heri ya Hanuka", utaeleweka. Usibebe nyama wala chakula cha kupika nyumbani kwako bila kuuliza, wana sheria zao za chakula. Maua au matunda hayana shida.

Mwenyeji atasoma baraka, atawasha, wataimba. Kisha watu hukaa, na taa zinatakiwa ziwake angalau nusu saa baada ya giza kuingia. Katika baadhi ya nyumba wanawake hawagusi kazi muda huo, hata sufuria ikiita. Na mwanga wa taa hizi hautumiwi kwa shughuli yoyote, ni wa kutazamwa tu. Shamashi huachwa ikiwaka kando yake kwa ajili hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiangusha funguo chini ya meza, usiziinamie kuzitafuta kwa mwanga wa hanukia. Omba wakuwashie taa ya umeme.